Mshale Mwekundu wa Saa ya Baba

Niliondoka nyumbani Hasamba siku ya Jumatano kwa sababu moja tu: saa ya baba ilikuwa imekufa, na baba alikuwa amegoma. Jumamosi tulikuwa na ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama, aliyetutoka mwaka jana, na mzee alisema waziwazi kwamba hatakwenda kaburini na saa iliyolala. "Mtaweka msalaba bila mimi," alisema, akageukia ukutani. Ana miaka themanini na kitu. Ukimbembeleza mara tatu akakataa, acha maneno, tafuta fundi.

Lazima niieleze saa yenyewe, maana ndiyo iliyonitesa. Ni saa ya Uswisi, ya betri, ya kifahari haswa. Baba alipewa na tajiri mmoja wa malori kutoka Kongo, enzi zile baba akiwa wakala wa mizigo pale mpakani Tunduma. Ingebaki kama ilivyotoka kiwandani, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini saa hii iliongezwa mshale mwekundu, umegandishwa pamoja na mshale wa saa, ukiwa nyuma yake kwa saa moja kamili. Mshale mweusi unasoma saa zetu, mwekundu unasoma saa za Zambia.

Mwekundu ulikuwa wa mama. Mama alikuwa Mnamwanga wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Aliolewa, akatuzaa, akahamia nasi Hasamba kwenye kahawa, lakini saa yake hakuibadilisha hata siku moja. Akisema chakula ni saa saba, ni saa saba ya Nakonde, na sisi wengine tutakula saa nane tupende tusipende. Baba alizoea akawa anaishi kwa mshale mwekundu, na hata baada ya mazishi aliendelea kula kwa huo. Saa ilipokufa akawa anazunguka uani akiuliza kila mtu mwekundu sasa ungekuwa wapi. Nilimwambia, "Baba, si upunguze tu saa moja kichwani?" Akanitazama kama nimemtukana. "Hiyo itakuwa hesabu yangu," alisema. "Siyo saa yake."

Saa mbili asubuhi nilikuwa Vwawa, bodaboda imenitikisa mpaka meno. Fundi wa kwanza alikuwa na meza yake chini ya baraza la duka la vitenge. Aliifungua, akaweka betri mpya, saa ikaanza kugonga, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimeshapanda kosta ya kurudi upande wa nyumbani ilipokata tena. Nikashuka, nikarudi mezani. Akaweka betri nyingine. Ikaenda kidogo, ikalala. "Mwalimu," aliniambia, maana nafundisha shule ya msingi na ananijua, "betri ni nzima. Saa ndiyo haitaki." Ujinga gani huu, saa kutotaka!

Saa nane mchana niliingia Tunduma, baada ya kosta kukwama nyuma ya foleni ya malori kwa muda ambao ningeweza kutembea kwa miguu nikafika. Nikaanza na duka la vioo, lile la saa zinazong'aa. Kijana mwenye tai aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, mpaka alipouona mshale mwekundu. Uso ukabadilika. Akaipiga picha, akamtumia wakala wao wa mjini, tukakaa kusubiri jibu. Jibu likaja.

"Wanasema imechakachuliwa, mzee. Hawaigusi."

"Nani kaichakachua? Imeongezwa mshale mmoja tu."

"Ndiyo hivyo. Labda wabadilishe uso wote na mishale yote, irudi kama mpya. Huo mwekundu wanautupa."

Nikamwambia atoe mikono yake kwenye saa ya baba yangu. Jioni ile niliwapitia wauza mikanda na wabadilisha betri kando ya barabara. Wa kwanza alisema ni feki. Wa pili alisema ni halisi ila ya kike. Wa tatu aliitikisa karibu na sikio kama anayepima yai, akanishauri ninunue ya kwake. Nikalala gesti nikiwa na hasira na kila mwenye mkono na saa.

Alhamisi niliamka na tumaini jipya. Mama mwenye gesti alinielekeza kwa fundi mzuri ng'ambo, Nakonde, anayefungua saa tatu. Nikavuka mpaka mapema, nikafika saa tatu kamili. Mlango una kufuli. Nikasimama. Vumbi, jua, malori ya mizigo yananipigia honi nisogee. Nilinung'unika kwa sauti mpaka muuza maandazi wa jirani akacheka. "Bakalamba," aliniita, kwa heshima ya kwao, "huku bado saa mbili."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi, niliyekula chakula cha mchana kwa saa ya Nakonde utoto wangu wote, nimekwenda Nakonde na saa ya Vwawa kichwani! Simu ndiyo ingeniokoa, lakini niliizuia isijibadilishe saa, maana ukiwa Tunduma inarukaruka, leo inashika mnara wa huku, baadaye wa kule. Nikasubiri saa nzima, nimekaa kwenye tofali.

Fundi wa Nakonde, jamaa mpole mwenye kofia, angalau aliuona ugonjwa. Aliweka lenzi jichoni, akaitazama kwa muda mrefu. Mshale mwekundu ulikuwa umelegea, umelala, unakwaruza uso wa saa, na ndiyo maana mashine ilikuwa inakwama.

"Basi uinue," nilimwambia.

"Awe, hapana, bakalamba," alisema, akitikisa kichwa. "Huo siyo wa saa hii. Nikiugusa unavunjika. Niutoe, saa itembee leo leo."

Nakiri kwamba nilishawishika. Nilikuwa nimechoka, na saa ingetembea. Baba angepata saa ya Uswisi iliyo nzima, na mimi ningelala kwangu usiku ule. Fundi akashika kibanio. Ndipo nikamwona baba akizunguka uani akiuliza mwekundu uko wapi. Nikasema hapana. Fundi akashusha pumzi, akaniambia hapo Mpemba kuna mama mmoja anayerekebisha saa za watu wa reli na za makanisa, nijaribu kwake.

Mpemba! Nilikuwa nimepita Mpemba jana yake, nikiwa nimelala dirishani.

Saa nane mchana, za kwetu, nilikuwa kwa Mama Queen, mwanamke mnene mwenye kicheko, kibanda chake kikiwa nyuma ya ghala la mahindi. Alifungua kifuniko cha nyuma, akakigeuza kwenye mwanga, kicheko kikakoma. Akanionyesha. Ndani ya kifuniko, kwa ncha ya sindano, palikuwa na mikwaruzo midogo, na mmoja ulikuwa samaki.

"Kila fundi anaacha alama yake ndani," alisema. "Akija mwingine ajue nani kapita. Huyu samaki ni mwalimu wangu, Mzee Lazaro. Ndiye aliyeweka huo mshale."

"Vizuri! Basi wewe umejifunza kwake, uinue."

"Siwezi, kaka."

"Huwezi, au hutaki?"

"Naweza. Ila mwalimu akiwa hai, kazi yake haifunguliwi bila yeye kusema. Nikiuinua, nitakuwa nimesema kazi yake mbovu."

Nilimwomba ampigie simu. Akapiga. Hapatikani. Mzee Lazaro, alinieleza, aliacha saa siku nyingi, yuko Saza kwenye dhahabu, anatengeneza mizani za wanunuzi, na simu huiwasha akitaka yeye kuongea. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Alinipa chai na muhogo, lakini mshale hakuugusa. Sijawahi kuona adabu inayoudhi namna ile.

Ijumaa alfajiri niliondoka Mbalizi, nilikolala, kwa basi la Mkwajuni. Kwenye mteremko tairi likapasuka, tukashuka wote, tukasimama porini tukimtazama dereva akitafuta jeki kwa watu ambao hawana magari. Kutoka Mkwajuni nikachukua bodaboda hadi Saza, nikafika mchana nikiwa mwekundu kwa vumbi kuliko ule mshale. Kila niliyemuuliza aliko Mzee Lazaro aliniuliza kwanza kama nauza au nanunua. Nikijibu nina saa mbovu, walicheka.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mzee mwembamba, mzani mdogo mbele yake. Nikamwamkia, nikamkabidhi saa bila maelezo, maana maelezo yalikuwa yameniisha. Aliigeuza, akatabasamu.

"Bado inaishi hii?"

"Haiishi, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

"Wewe nani?"

"Gidion. Natoka Hasamba."

"Gidi!" Alinikazia macho. "Ngoja."

Akaifungua, akanipa lenzi yake. Chini ya samaki palikuwa na maandishi madogo ambayo macho yangu hayakuyaona Mpemba. Yalisomeka: *Mama Gidi*.

"Kila kazi naandika jina la aliyeileta," alisema Mzee Lazaro.

"Aliyeileta ni baba."

"Baba yako hakuijua kazi hii mpaka ilipokwisha. Alikuja mama yako, na saa ameifunga kwenye leso. Akaniambia, mume wangu kila Ijumaa nikienda kwetu Nakonde anakuja kunipokea mpakani kwa saa zake, anasimama juani saa nzima, halafu nikifika tunagombana njia yote. Nikamwambia, mama, si ubadilishe wewe saa yako? Akasema, saa yangu nimezaliwa nayo. Niwekee ya kwangu humo ndani."

Sisi watoto tulikua tukijua kwamba mshale ule ulikuwa ufundi wa baba, na baba hakuwahi kutusahihisha. Nikakumbuka tofali nililokalia Nakonde, na hasira zangu pale juani, nikaona aibu.

Mzee Lazaro akashika kibanio, akazuia pumzi, akauinua mshale kidogo sana, akatia tone la gundi. Saa ikagonga. Siku tatu za barabarani, na kazi yenyewe haikufikia hata muda wa kunywa kikombe cha chai! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kabla ya kufunga kifuniko alikwaruza samaki wa pili, na chini yake akaandika Gidi.

Magari ya kurudi siku ile yalikuwa yameshaisha, hivyo Jumamosi niliondoka Saza kabla ya jua, nikafika nyumbani saa nane kasoro dakika chache, na vumbi hadi kwenye nyusi. Ibada ilitangazwa saa nane. Watu walishajaa kaburini, mchungaji yuko tayari, baba hayupo. Nilimkuta chumbani kwake, amevaa koti, ameketi kitandani. Nikamfunga saa mkononi. Aliutazama mshale mwekundu, akaiweka saa sikioni, akasimama.

Saa nane kamili mchungaji alifungua kitabu. Baba akainua mkono.

"Bado, mchungaji."

"Mzee, ni saa nane."

"Ya kwako. Shughuli ni ya kwake."

Watu waliguna. Waumini wa Hasamba wana mashamba na wana njaa, na mimi nilikuwa na njaa kuliko wote. Shangazi alininong'oneza nimwambie mzee aache utoto. Nilikuwa nimeshachoka kuwaambia watu mambo. Nikaketi kwenye nyasi.

Ilipofika saa tisa, kosta ilipanda kilima ikiwa imejaa watu wa Nakonde, wajomba na mama wadogo, wanaimba tangu barabarani. Walishuka na vikapu vyao wakisafisha vumbi. Mjomba mkubwa akatazama saa yake, akasema kwa fahari, "Saa nane kamili. Tumewahi!" Mchungaji akakifungua kitabu chake upya, na hakuna aliyeguna tena. Tungeanza kwa saa zetu, ndugu zake mama wangekuta msalaba umeshasimama.

Niliondoka nikidhani natafuta fundi wa saa mbovu, nimerudi nikijua kwamba mbovu nilikuwa mimi, niliyeishi na mshale ule miaka yote bila kuuliza ulifikaje pale. Ibada ilipokwisha nilimwambia baba nilichokisoma ndani ya kifuniko.

"Najua," alisema. "Nilimnunia wiki nzima kwa kuniharibia saa. Ijumaa iliyofuata nikaenda mpakani kwa mshale wake, nikamkuta ndiyo anafika. Tangu siku ile sikumsubiri tena."

Akautazama msalaba, halafu mkono wake.

"Sasa zamu yake kunisubiri."