Faini ya Shikamoo

Nilianza kujifunza Kigiriki cha kale miezi michache baada ya kumzika mume wangu. Sikuwa na kiu ya elimu. Niliishia darasa la saba na sikuwahi kujuta. Nilikuwa naikimbia Jumamosi mchana, nyumba imenyamaza, na jirani anayepita anasema "pole" kisha anaongeza mwendo.

Tulifundishwa kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Butimba. Mwalimu, kijana wa Bukoba, alitaka tuisome Injili kwa lugha iliyoandikiwa, ila vitabu alitufichia. "Mtoto hajifunzi kusema kwa kitabu," alisema. Alikuja na kapu kutoka sokoni, akainua sato mbichi na kuuliza, "Ti esti tuto?" Hiki ni nini? Tukaitika, "Ikhthus!" Samaki! Baada ya wiki kadhaa tulimpika kwa Kigiriki na kugombania chumvi kwa Kigiriki. Siku hiyo nilicheka, nikashtuka kuisikia sauti yangu.

Sheria ilikuwa moja: ukivuka mlango, Kiswahili kinabaki nje. Atakayeponyokwa ataparua samaki.

Tatizo likawa mimi. Niliwazidi wote umri, na wenzangu walikuwa wanachuo wa ualimu, wengi watoto wa Kisukuma waliolelewa vizuri. Kigiriki kina salamu moja kwa mkubwa na mdogo, "khaire", maana yake furahi. Umwambie hivyo mama aliyefiwa, tena umesimama wima? Hawakuweza. Nikiingia tu, binti mmoja wa Usagara anapiga goti: "Shikamoo, mama." Mwalimu anamwonyesha kisu. Anafuata mwingine: "Shikamoo." Kisu. Siku moja mwalimu mwenyewe alichelewa, akanikuta ndani karibu na mlango, ikamtoka. Tulimpigia makofi akiparua, magamba yamemrukia hadi kwenye miwani.

"Mama, wewe ni mtego," yule binti aliniambia tulipotoka. "Nanuka sato mpaka Jumatano."

"Si uache kunisalimia?"

"Halafu mama yangu asikie? Bora ninuke."

Tulicheka, lakini nyumbani niliwaza. Nusu ya darasa ilikuwa kwenye beseni la samaki na Injili haisogei. Nilimwambia mwalimu nitaacha. Akasema, "Sawa, mama. Ila uje uwaage mwenyewe."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Nilijua nikiacha narudi kwenye ile Jumamosi ya zamani. Nilijua pia jambo ambalo hakuna aliyeligundua: wenzangu walipomwitikia mwalimu "khaire" kwa pamoja, mimi nilichezesha midomo tu. Kuwaambia watu wafurahi, natoka katika nyumba kama yangu, niliona ni kusema uongo.

Jumamosi nilitangulia ukumbini. Kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu. Binti wa Usagara alitokea mlangoni, kitenge kimepinda, anahema kwa kuwahi, na goti limeanza kushuka. Nikamwangalia nikaona kwamba kweli natamani afurahi. Hapakuwa na uongo wowote.

"Khaire!" nikasema kwa nguvu, kabla hajafungua mdomo.

Goti likaishia njiani. Alibabaika, akajibu, "Khaire, o meter!" Furahi, ee mama. Nilikuwa sijafikiria kwamba watanirudishia. Akaja wa pili, wa tatu, kila mmoja nikamwahi, kila mmoja akaniambia nifurahi, na hakuna aliyeniambia pole. Mwalimu alipofika alitukuta tumekaa, akatazama beseni, akatutazama sisi. Ilibidi aparue mwenyewe, bila kosa.

Saa kumi tulipotoka nje, walijipanga kando ya ukuta.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Yule binti alipiga magoti yote mawili, hadi mchangani. "Hii ni ya leo," alisema, "na Jumamosi ijayo nakuletea nyingine. Utakuja?"

"Nitakuja," nikamjibu.