Sajenti Alikataa Amri ya Simu

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku ile niliamrisha mbwa kwa simu. Usicheke bado. Nasikia umeleta mbwa nyumbani na tayari unalalamika ati ni mjinga, hasikii. Ngoja nikuambie.

Wakati huo nilikuwa kijana bado, miaka hamsini na kitu hivi. Nilikuwa na mbwa anaitwa Sajenti, kwa sababu tunaishi huku upande wa Kiganjo, karibu na chuo cha polisi, na nilitangazia watu wote nimemfunza mwenyewe, ati anajua Kiswahili kushinda mwalimu. Kichwa yake ilikuwa kama sufuria ya harusi. Akibweka, kahawa inaanguka kwa miti kule Othaya. Kazi yake ilikuwa kulinda zizi. Mgeni hakaribii mpaka mimi nitoke niseme, "Sajenti, pisha!" Hapo anarudi nyuma, analala kama mkeka. Watu wakishangaa, mimi navimba.

Sasa siku hiyo niko Murang'a, tumeenda ruracio ya kijana wa ndugu yangu, kupeleka mahari. Sebule imejaa wazee, mimi ndiye msemaji wetu. Simu ikalia. Ni mama watoto.

"Baba Nyambura, ng'ombe anazaa vibaya! Mguu moja tu ya ndama ndiyo imetoka. Daktari amefika, lakini Sajenti amekataa aingie!"

"Si mumfunge!"

"Nimeshika shingo yake, amenivuta shamba nzima kama jembe! Nimemtupia nyama, amekula, amerudi pale pale kwa mlango!"

Mwanangu, huyo ng'ombe ndiye alikuwa anasomesha Nyambura. Akikufa, shule imeisha.

"Weka simu kwa spika," nikamwambia, "shikilia karibu na sikio yake." Nikasimama katikati ya sebule ya watu nikapiga kelele: "Sajenti! Pisha! Rudi nyuma! Lala!" Mzee mmoja wa upande ule alikuwa ameinuka aongee, akakaa mara moja. Wengine wakavuta viti nyuma. Lakini Sajenti?

"Amenusa simu," mama watoto akasema, "sasa anaonyesha daktari meno."

Ndio nikasikia sauti ya mama yangu. Mama alikuwa amezeeka sana. Siku zake zilikuwa za kukaa kwa jua, kumenya viazi na kutuangalia. Sisi tulidhani anasinzia.

"Mwambie huyo anyamaze," akasema. "Kofia yake ya kazi iko wapi?"

"Mama, kofia ya nini na ng'ombe anakufa?"

"Wewe Kariuki, ukitaka Sajenti apishe mgeni, huwa unafanya nini?"

"Nasema pisha!"

"Na unatoa kofia, unaiweka kwapani. Kila mgeni. Mimi ndiye nilikufunza hivyo ukiwa mdogo. Sasa hebu tuone huyu mbwa anafuata gani."

Ati tuone! Ng'ombe analia, daktari amekwama nje, na yeye anataka kuona. Mama watoto akawa ananisimulia: kwanza Mama akasema "pisha", kichwa wazi. Sajenti hakusonga. Halafu akavaa kofia yangu, ile inanuka maziwa, akasimama mbele yake, akaitoa polepole, akaiweka kwapani. Hakusema hata neno.

Huku Murang'a hakuna mtu aligusa chai.

"Wuui," mama watoto akasema. "Amelala chini."

Daktari akaingia mbio. Akarudisha ndama ndani kidogo, akatafuta ile mguu ingine, kisha nikasikia "vuta! vuta!" mpaka mimi mwenyewe nikawa navuta meza ya wenyewe. Mwishowe ndama akakohoa. Nikalia machozi mbele ya wakwe. Walidhani nalia juu ya mbuzi wenye walikuwa wameitisha, na wakapunguza!

Nikirudi nyumbani, wiki nzima nilikuwa mwanafunzi. Nikatoa kofia nikasema, "Mbolea imepanda bei." Sajenti akalala. Nikavaa kofia nikasema "pisha" na sauti ya mhubiri. Akaniangalia tu, kama mtu anangojea mwenzake amalize kuongea.

"Kwa hivyo ni mjinga?" nikauliza mama.

Akacheka mpaka kiazi ikaanguka. "Mjinga gani? Ulimfunza kitu moja ukafikiri umemfunza ingine. Yeye ameshika ile ulimfunza."

Tangu hapo nikaanza kumchunguza vile alikuwa ananichunguza. Nikapata alijua naenda safari ya Ruring'u nikichukua tu soksi safi. Alijua mama watoto amekasirika kabla mimi nijue: nikiona Sajenti amejificha nyuma ya ghala, na mimi nafuata huko huko. Na neno pia alijifunza. Nilianza kusema "pisha", nangoja kidogo, ndio natoa kofia. Siku zikienda, akawa analala kabla mkono haijafika kichwa. Nikafunza kila mtu wa boma afanye hivyo hivyo, hata mama.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla uite huyo mbwa wako mjinga, weka mtu akae kando akuangalie wewe. Mikono yako inafanya nini ukisema "njoo"? Uso yako inacheka ukisema "hapana"? Mbwa anasoma hizo zote, na wewe hujui umeandika nini. Jambo moja lisemwe kwa njia moja, akifanya vizuri umsifu hapo hapo, na kila mtu nyumbani aijue hiyo njia, kwa maana shida ikija unaweza kuwa mbali. Na akikosea, usikimbilie fimbo. Uliza kwanza yeye alielewa nini.

Mungu akubarikie boma yako. Ng'ombe wako wazae salama, maziwa yajae mpaka majirani walalamike, na akupe macho ya kuangalia wale hawana mdomo wa kukueleza. Thaai, mwanangu. Enda na amani.