Mguu wa Mbuzi wa Mwalimu Wangu

Mtu akiniuliza niliingiaje timu ya taifa ya kriketi, huwa nakohoa kwanza. Wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Ni aibu tupu.

Kriketi nilifundishwa Arua na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Jioni akishafunga duka alituchukua, mimi na mwanawe, hadi uwanja ulio chini ya kilima, akasimama nyuma yangu na kunishika kiwiko. "Juu, juu," alikuwa akisema, mpaka gongo la kupigia mpira lisimame sawa. Mwanawe alikua akawa mpigaji wa tatu wa timu ya taifa. Mimi nilikuwa wa akiba: nabeba maji, napiga makofi. Kusema kweli, sikuwa saizi yake hata kidogo.

Mwaka 1972 ikatoka amri ya serikali, Wahindi wakafukuzwa nchini. Mwalimu wangu na mwanawe wakaenda na masanduku tu. Timu ikabaki na mapengo, wakaanza kuokota waliokuwepo, wakaniokota na mimi. Nikapewa nafasi ya tatu, na sweta la yule kijana pia, mikono ikinifunika vidole.

Habari zilimfikia baba kijijini kwetu Lobule zikiwa zimetiwa chumvi: eti nimewashinda vijana wote wa Kampala. Baba alikuwa mkulima wa mihogo, kriketi hakuwahi kuiona, lakini alichinja mbuzi na kuita majirani. Na kwake yeye, mtoto akifanikiwa, mguu wa nyuma ni wa aliyemfundisha. Hauguswi mpaka umfikie mwenyewe mkononi.

"Mwalimu yako iko wapi?" akaniuliza.

"Iko na duka ya vitambaa, Arua," nikajibu, maneno mengine nikayameza. Ningesema ni Mhindi, angeuliza nafasi imepatikanaje, na majirani walikuwa wameshakaa kula. Akadhani ni mmoja wa Wanubi wenye maduka.

Asubuhi akavaa koti lake, akaufunga mguu kwa majani ya mgomba. Tukaenda kwa baiskeli hadi Koboko, tukapanda lori la tumbaku. Njia nzima nilitafuta pa kuanzia. Kila nikifungua mdomo, namkuta anamweleza abiria mwingine habari zangu.

Dukani alikaa bwana mmoja aliyegawiwa duka lile baada ya wenyewe kuondoka. Baba hakungoja utambulisho. Alivua kofia, akainama, akamnyooshea ule mguu wa mbuzi kwa mikono miwili.

"Asante, muzee. Mutoto yangu iko mutu sababu yako."

Yule bwana akaitazama nyama, akanitazama mimi, akatabasamu. "Karibu, mzee," akasema, akatoa mkono apokee.

"Baba, si huyu," nikasema. "Mwalimu yangu ilikuwa Muhindi. Walimufukuza na mutoto yake. Hii nafasi walinipa, iko ya mutoto yake."

Baba alibaki ameushika ule mguu. Kisha akamwomba radhi yule bwana, tukatoka. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta, watu wanapita, wananisalimu kwa kuniita mchezaji.

"Kumbe tulikula nyama kwa msiba ya watu," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejitetea kwamba amri sikuitoa mimi. Tulirudi na mguu wetu, jua linawaka, na nyumbani hakuna aliyeula.

Nilicheza miaka kadhaa, Nairobi, Lusaka, na siku nyingine nilipiga vizuri mpaka watu wakasimama. Wakisimama, mimi nilikuwa nakunja mikono ya sweta. Kila niliporudi Lobule, baba hakuuliza kama tumeshinda. Aliuliza, "Mwalimu yako, ulimuona?" Nami najibu bado. Hakuchinja tena kitu kwa ajili yangu, na mimi sikuthubutu kuleta habari za ushindi.

Mwaka 1979 vita vikatufikia, watu wakaanza kuvukia Zaire. Sasa sisi ndio tuliokuwa na mizigo kichwani. Nilimsindikiza baba kutoka Koboko mpaka karibu na mpaka. Mimi nilikuwa narudi kumchukua mama. Nilitegemea aniambie nijitunze. Alinishika kiwiko.

"Ile nyama ilioza," akasema, "lakini mguu yake iko bado. Ukimuona, muambie."