Gundi Vidoleni
Mtaalamu wa tiba ya viungo wa pale Larvik, mji wa Norwe, hana habari na kiti. Hupiga magoti sakafuni mbele ya Ingvild, mchezaji wa mpira wa mikono aliyepandikizwa kano gotini, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao. “Chuchumaa kwa mguu mmoja, mwanangu. Taratibu.” Goti likiegemea ndani, hulirudisha kwa kidole. Leo waliposalimiana, viganja viligandana. Ilikuwa gundi wanayojipaka wachezaji vidoleni ili mpira usiwaponyoke, na Ingvild alikuwa amekatazwa kucheza mpaka theluji iishe. Mama yule mtaalamu hakugomba. Alileta mafuta ya kupikia, akamsugua kidole kimoja kimoja mpaka gundi ikatoka, kisha akapiga magoti. “Chuchumaa.” Goti likalala ndani. “Mkono una haraka,” akasema. “Lakini ukiruka, utatua kwa mguu huu.”