Faili la Mwaka Juzi na Ng'ombe wa Mama Margareta

Doris wa Rau hawezi kupita kitu kilichokaa upande bila kukinyoosha. Ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyomponza. Ndiye aliyetengeneza programu ya ushirika wa maziwa wa kule mlimani, inayotunza ukoo wa kila ng'ombe: kazaliwa na nani, na kwa mbegu ya dume gani.

Kila anapobadilisha muundo wa kanzidata huandika faili lenye namba, na kanzidata hukumbuka mafaili yote yaliyopita. Programu ikiwashwa hulinganisha kwanza kumbukumbu hizo na mafaili yenyewe, na yakitofautiana hata kwa nafasi moja, inagoma. Ijumaa moja Doris alikuwa akituma badiliko dogo, macho yakamwangukia faili la mwaka juzi. Akalinyoosha mistari tu, akalituma nalo. Jumatatu asubuhi programu ilipowashwa, ikagoma.

Aliyempigia simu ni Mzee Aminieli, mhimilishaji, yule anayewapandisha ng'ombe kwa mbegu ya mtungini. Ng'ombe wa Mama Margareta, mfugaji wa ushirika, yuko kwenye joto, na ikifika jioni itabidi wasubiri wiki tatu nyingine. Bila kuuona ukoo, angeweza kumpa mbegu ya baba yake mwenyewe. Doris akalirudisha faili kama lilivyokuwa, aibu imemjaa, programu ikafunguka. Akaapa kuuondoa ukaguzi ule kabisa.

Mchana alipanda mlimani kuomba radhi. Alimkuta mzee kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa Mama Margareta, kazi imeisha, anakunywa chai. Akamwamkia shikamoo, akamweleza alichokusudia.

"Usiuondoe, mwanangu," mzee akasema. "Mimi huangalia ukoo kabla sijafungua mtungi wa mbegu, maana mbegu ikishatoka hairudi. Nikija kusalimia tu, naangalia ukoo wa nini?"

Doris alicheka mpaka chai aliyokaribishwa ikamwagika. Wiki hiyohiyo akauhamisha ukaguzi: sasa unafanyika kabla badiliko lolote halijaingia. Asubuhi programu ikiona tofauti humtumia yeye ujumbe, lakini watu wa ushirika wanaendelea kusoma koo za ng'ombe wao. Ungekuwa umewekwa hapo Ijumaa ile, angegomewa yeye mezani kwake, si Mzee Aminieli.

Miezi tisa baadaye akaona ndama jike ameandikishwa kwa Mama Margareta, jina lake Doris. Alifurahi siku nzima. Faili la mwaka juzi bado lina mistari iliyopinda, na kila akilifikia hulipita akitazama pembeni.