Nereida na Kozi ya Akili

Nereida Olascoaga, binti wa muoka mikate wa Tacuarembó, alikwenda Montevideo, mji mkuu, kusomea akili. Si akili peke yake: akili na kompyuta, kozi moja iliyowarundika pamoja wanafalsafa, wanasaikolojia, madaktari wa ubongo na watu wa kompyuta, kila mmoja akivutia kwake. Asubuhi mwanafalsafa anauliza kama akili ipo kweli. Mchana mtu wa kompyuta anasema tuiunde kwanza, maswali baadaye. Jioni daktari anaonyesha picha ya ubongo yenye rangi na kusema, "Ndiyo hii." Baba yake alipopiga simu kuuliza anasomea nini hasa, alijibu, "Baba, nikijua nitakwambia." Mwaka wa tatu huo, na alikuwa bado hajamwambia.

Kilichomvuruga zaidi ni majaribio. Wanafunzi walilazimika kujaribiwa na wenzao, na ili jaribio lifae, sharti anayejaribiwa adanganywe kwanza. Kuna siku mwenzake alimlilia paka wake aliyekufa. Nereida akalia naye, kumbe paka hakuwahi kuwepo. Siku nyingine aliitukana mashine kwenye skrini, kumbe ni mtu, tena mwalimu wake. Kila mara, mwisho wake mtu hutokea na sahani ya biskuti, akakueleza ulikuwa unapimwa nini. Wanaotaka na waiite elimu. Mtu akila biskuti za namna hiyo miaka mitatu, haamini tena hata salamu.

Kitu kimoja tu hakikumchanganya: Fermín Etchart, kijana wa kompyuta, mpole, aliyewamiminia wenzake chai ya majani iitwayo mate kila alasiri na kuinywa mwenyewe ile ya kwanza chungu. Nereida alimpenda, na alikuwa anaogopa kusema.

Siku ya mvua Fermín alimsimamisha koridoni, begi mgongoni, macho mekundu kwa machozi.

"Nere, naenda nyumbani Salto leo hii. Mama anaumwa. Lakini kuna neno sijakwambia. Nakupenda. Ukisema nirudi, mama akipata nafuu nitarudi. Usiposema, nabaki huko huko."

Moyo wa Nereida uliruka kwa furaha, kisha kichwa kikaingilia kati. Mama mgonjwa, safari ya ghafla, machozi, halafu chagua moja kati ya mawili: hivyo hivyo ndivyo wanavyotunga majaribio. Akatazama darini kutafuta kamera.

"Umeigiza vizuri," akasema. "Machozi tu ndiyo umezidisha. Jaribio la nani hili?"

"Unasema nini wewe?"

"Haya, nipe biskuti yangu niende zangu."

Alijikaza kucheka. Fermín alimkodolea macho, kisha akatoka akaingia mvuani bila mwavuli.

Nereida akabaki pale pale akingoja mlango mmojawapo ufunguke. Haukufunguka. Akaona aibu, akaona hasira, akaona hofu, asijue ipi ni yake na ipi ametegewa. Mwisho akaenda ofisini kwa Zulma Bidegain, mwalimu aliyewasimamia wote wawili katika majaribio.

"Mwalimu, jaribio la Fermín linapima nini?"

"Jaribio gani tena, binti yangu? Fermín kaniaga asubuhi. Mama yake kalazwa, hali mbaya. Mtoto wa watu analia, mimi nikajua marafiki zake mko naye."

Nereida akampigia Fermín simu hapo hapo, amesimama. Ikaita sana kabla ya kupokelewa, na upande wa Fermín basi likasikika likinguruma.

"Fermín, nisamehe. Nilidhani... mimi mjinga. Nakupenda. Rudi. Nasema urudi, umesikia?"

"Nere," akasema Fermín polepole, "uko wapi hapo?"

"Niko... niko ofisini kwa Mwalimu Zulma."

"Aha," akasema. "Basi mwambie mwalimu mimi sishiriki tena majaribio yake." Na simu ikakatwa.