Macho Yangu na Swali la Sigara

Daktari wa Jeddah alinipa steroidi kwa dripu kila wiki kwa miezi mitatu. Uso ulinivimba, usingizi ukapotea, lakini macho yangu, yaliyochomoza kwa ugonjwa wa tezi ya shingoni, hayakurudi ndani. Gari moja niliendelea kuliona mawili. Nilikuwa dereva wa familia moja mtaa wa Aziziya, Jeddah, na funguo nilikuwa nimeshazirudisha.

Kwa hiyo bosi aliposema atanipeleka Riyadh kwa mtaalamu, nilishuku. Nilionyeshwa tiketi ya kwenda, ya kurudi sikuiona. Binamu yangu, mlinzi mtaa wa Malaz huko Riyadh, alinipokea chumbani kwake akicheka. “Macho hayo ningepewa mimi, hakuna mwizi angekaribia lango.” Kisha akashusha sauti, akasema dereva mgonjwa hatibiwi, hurudishwa kwao, na nisitie sahihi karatasi nisiyoielewa.

Daktari wa Riyadh alikuwa mama wa makamo. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, hata mimi wa darasa la nane nilikifuata. Alinionyesha kifuniko chekundu, akataka kujua kama jicho lolote linakiona kimefifia. Nikasema hapana. Akasema ni vyema, mshipa wa kuona haujabanwa. Ungekuwa umebanwa, ningepasuliwa upesi. Sasa angeweza kunipa dawa nyingine ya dripu, kila baada ya wiki tatu. Kulikuwa pia na mionzi nyuma ya macho, na baadaye, ugonjwa ukitulia, kupunguza mfupa ili macho yapate nafasi. Halafu akamgeukia bosi, wakazungumza Kiarabu kirefu. Nilidaka “halas”, yaani imekwisha, mara mbili, nikaamini ni mimi niliyekwisha.

Aliponirudia aliuliza kama navuta sigara.

Kule Jeddah niliulizwa hivyo hivyo, bosi akiwa kando, nikakana. Bosi hataki mvutaji karibu na watoto wake. Nikamtupia bosi jicho. Daktari akasema, “Sigara huzidisha ugonjwa huu na kuidhoofisha dawa. Nataka ukweli.”

Wiki nzima nilikuwa nimewashuku wote, na mwenye kuficha nilikuwa mimi.

“Navuta,” nikasema. “Tangu siku mke wangu alipozikwa nyumbani, nami niko huku.”

Bosi alinitazama. “Ndani ya gari?”

“Hapana, bosi. Nyuma ya ukuta, watoto wakiwa shule.”

 Nami, kwa kuwa langu nilikuwa nimeshalisema, nikamgeukia daktari. “Na hiyo dripu, kuna baya lake ambalo hujaniambia?”

Aliweka kalamu chini. Alisema inaweza kuharibu masikio, kwa wengine yasipone tena, na kupandisha sukari. Angenipima vyote kabla ya kuanza. Tena huenda bado nikaona viwili, nikahitaji kupasuliwa misuli ya macho. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, aliponieleza mabaya.

Fomu ya kukubali dripu ilikuwa na Kiingereza upande mmoja. Niliisoma jicho moja nimelifunika, nikamwomba anisomee tena mstari wa masikio, ndipo nikatia sahihi.

Bosi alisema mdogo wake ataendesha mpaka daktari aniruhusu. Kuhusu sigara hakusema neno, na sijui hadi leo kama alinisamehe. Sikuacha siku ile. Niliacha wiki mbili baadaye, asubuhi ya dripu ya kwanza.